Wacheni Busu la Caspian na Susan, Mniambie Yaya Ako Wapi

Wasee, leo tumalize hii maneno. Kila mara Prince Caspian ikirudi kwa skrini, iwe ni wikendi kwa TV ama imetoka kwa flashi ya beshte, vita ni ile ile. Kuna kambi inalia kuhusu busu. Kuna kambi inalia kuhusu lile shambulizi la usiku kwa ngome ya Miraz. Halafu kuna kambi ya tatu, hao wa kusema filamu ni giza tupu, haina theluji, haina Krismasi, haina ile ladha ya Narnia ya kwanza. Nimesikiza kambi zote tatu, na nasema bila kuogopa mtu: nyinyi wote mnapigania makombo. Kitu kikubwa kilitolewa kwa hiyo hadithi na hakuna mtu anapiga kelele. Kilichotolewa ni mwanamke mmoja mzee. Yaya wa Caspian.

Kama hujasoma kitabu, najua unajiuliza: yaya gani sasa? Si nimeona muvi yote mpaka majina ya mwisho na hakuna yaya? Haya. Hapo ndipo ninaanzia.

Tuweke msingi kwanza, maana wengine wenu 2008 mlikuwa mnavaa pampasi. C. S. Lewis alitoa Prince Caspian mwaka wa 1951, kitabu cha pili kati ya vitabu saba vya Narnia. Filamu ilitoka Mei 2008, ikiongozwa na Andrew Adamson, yule yule wa filamu ya kwanza. Disney na Walden Media walimwaga pesa, zaidi ya dola milioni 200. Walikuwa na sababu, kwa sababu filamu ya 2005 ilikuwa imeingiza zaidi ya dola milioni 700 duniani. Hii ya pili ikaingiza kama milioni 420. Disney wakapiga hesabu, wakaona haiwafai, na kabla mwaka huo uishe wakajitoa. Ya tatu ikabidi itoke na 20th Century Fox mwaka wa 2010.

Tangu hapo kila shabiki amekuwa daktari wa maiti. Kila mtu ana jibu lake la nini kiliua Narnia. Basi wacha tupitie hayo majibu moja moja, na nitatumia kipimo kimoja tu: ukitoa hicho kitu unacholalamikia, hadithi inabadilika ama inabaki vile iko?

Tuanze na busu. Ni kweli, kwa kitabu hakuna mapenzi yoyote kati ya Susan na Caspian. Kwa kitabu Caspian ni mvulana tu, na filamu ikaleta Ben Barnes, jamaa mzima wa miaka ishirini na kitu, nywele ndefu, macho ya huzuni, mkajua tu hii inaenda wapi. Wanaangaliana, wanatupiana maneno, halafu mwisho kabisa Susan akiambiwa hatarudi Narnia tena, anageuka anambusu. Inakera? Kidogo. Lakini lifute hilo busu. Nini imebadilika? Vita ni ile ile, mfalme ni yule yule, Susan bado anaenda. Ni mapambo. Mmetumia miaka mingi kupigania mapambo.

Sasa shambulizi la ngome. Hapa kambi ya pili itanichukia, lakini mimi nalitetea. Ndiyo, halimo kitabuni. Peter anaamua hawezi kungoja Aslan, anachukua jeshi usiku, wanaingia ngome ya Miraz kwa siri. Caspian naye anaacha kazi aliyopewa, anaenda kumtoa mwalimu wake jela, halafu anaambiwa Miraz ndiye alimuua baba yake, akili inaruka. Mpango unavurugika. Lango la chuma linaanza kushuka, jamaa mmoja mwenye kichwa cha fahali analishikilia kwa mgongo wake mpaka anakufa, na nusu ya jeshi inabaki ndani wakitazama wenzao nje. Peter ndiye aliwapeleka huko, na Peter ndiye ametoka.

Hiyo ni scene noma sana. Hapo ndipo unaona mtu aliyewahi kuwa mfalme, akarudi shule Uingereza akawa mtoto tena, na hawezi kukubali. Anataka kuonyesha watu yeye bado ni yeye, na wengine wanalipa kwa damu. Lewis hakuandika hiyo, lakini Adamson alifanya kazi. Ukiitoa, filamu inapoteza kitu. Kwa hivyo hii ya "haiko kwa kitabu" peke yake si hoja. Filamu si mtihani wa kunakili.

Na hao wa giza? Jamani, someni kitabu. Watoto wanarudi Narnia na miaka 1,300 imepita kule. Nyumba yao ya kifalme ni magofu. Rafiki zao wote walikufa zamani. Miti imenyamaza, wanyama wengi wamesahau kuongea. Mlitaka ianze na nyimbo za Krismasi? Hadithi ni ya nchi iliyotekwa. Giza ni lake.

Sawa. Sasa tumefika kwa yaya.

Kwa kitabu, sura ya nne, Caspian ni mtoto yatima anaishi ngomeni na mjomba Miraz na mke wake Prunaprismia. Hawampendi. Mtu anayempenda ni mmoja, yaya wake. Na huyo yaya kila jioni anamsimulia hadithi za Narnia ya zamani: wanyama wanaoongea, miti inayotembea, vibete, wafalme na malkia wanne, simba. Hizo hadithi zimepigwa marufuku. Watelmari, wale wageni walioiteka nchi, wameamua hayo mambo hayakuwahi kuwepo. Ni porojo za watoto. Hata msitu unaoelekea baharini wameuogopa na kuutungia hadithi za mizimu ili mtu asikaribie.

Siku moja Miraz anatembea na mtoto, anamuuliza anatamani nini maishani. Mtoto, bila ubaya wowote, anasema anatamani angeishi zile siku za zamani. Miraz anamkazia: nani amekuambia huo upuzi? Na mtoto anasema. Ni yaya.

Yaya anafukuzwa. Hapewi hata nafasi ya kumuaga mtoto aliyemlea. Caspian analia siku nyingi. Baadaye analetewa mwalimu, Daktari Cornelius, ambaye kumbe ana damu ya kibete, na yeye ndiye anamalizia kazi.

Mmeona hiyo? Mtoto ndiye amemtaja. Hakujua, lakini mdomo wake ndio ulimfukuzisha mtu pekee aliyempenda. Hiyo ndiyo mbegu ya Caspian. Akikua na kupigania Narnia ya zamani, anapigania hadithi alizopewa na mtu aliyelipa kwa kuzisimulia. Ana deni.

Halafu angalia filamu. Inaanza usiku, Prunaprismia anajifungua mtoto wa kiume, Cornelius anamwamsha Caspian, kimbia wanakuja kukuua. Farasi, mishale, msitu. Mwanzo mzuri, sikatai, unashika kiti. Lakini sasa Caspian anapigania nini? Anapigania shingo yake kwanza, halafu kiti cha baba yake, halafu kisasi. Hiyo ni hadithi ya wakuu kunyang'anyana kiti. Tumeziona mia. Ile ya mtoto mwenye deni kwa yaya tuliipata wapi tena?

Na haikuishia hapo. Kwa kitabu yaya anarudi.

Sura ya 14, wakati Peter na Miraz wako uwanjani wanapigana kwa panga, Aslan hayuko kwa vita. Ako mjini na Lucy na Susan, pamoja na kundi la kucheza na kuimba. Wanapita shule ya wasichana ambapo wanafundishwa historia ya uongo, somo linavunjika. Wanampata jamaa anachapa mtoto, anakoma. Halafu wanafika kwa nyumba ndogo, mtoto wa kike analia mlangoni kwa sababu shangazi yake anakufa. Aslan anajaribu kuingia, mlango ni mdogo. Anasukuma kwa mabega, nyumba nzima inainuka na kuanguka nyuma yake, na bibi mgonjwa anabaki kitandani nje kwa jua. Anafungua macho, anamuona simba aliyekuwa akimsimulia maisha yake yote. Haogopi. Alikuwa anamngojea. Anapewa kinywaji, anapata nguvu, anabebwa kwa mgongo wa Aslan mpaka uwanjani. Na kule anashuka, anakimbia kwa Caspian, wanakumbatiana.

Ni yaya. Yule yule.

Ambia mimi kama hiyo si kilele cha hadithi. Msee aliyefukuzwa kwa kusimulia, amerudi juu ya mgongo wa kile alichokisimulia. Filamu ilikuwa na dakika kama 150, zaidi ya dola milioni 200, na simba aliyechorwa kwa kompyuta mpaka nywele moja moja. Ikakosa nafasi ya bibi mmoja kitandani.

Badala yake tulipewa nini? Angalia mto wa Beruna. Kwa kitabu, mungu wa mto anaomba afunguliwe minyororo, na minyororo yenyewe ni daraja la Watelmari. Daraja linabomolewa na mimea, mto unakuwa huru. Jeshi la Miraz likikimbia kutoka vitani linafika hapo, hakuna daraja, wanatupa silaha chini. Kwa filamu, scene ambayo waliipigia mto Soča kule Slovenia, mto unasimama kama jitu, unaliinua daraja na yule kiongozi wao akiwa juu, unalivunja. Inapendeza macho, sawa. Lakini kitu kilichokuwa ukombozi kimegeuzwa silaha. Mto haujafunguliwa, umetumwa kuua.

Unaona mtindo? Kila pahali kitabu kilikuwa na watu wadogo wanaofunguliwa, filamu imeweka upanga mwingine. Yaya nje, mtoto anayechapwa nje, wasichana wa shule nje. Imebaki vita juu ya vita.

Najua mtaniambia nini. Mtaniambia Cornelius yuko, yeye ndiye anabeba hadithi, huwezi kuweka watu wawili wa kazi moja. Zii. Cornelius ni msomi. Ana vitabu, ana mnara, ana cheo cha daktari, analipwa kufundisha mwana wa mfalme. Yaya ana mdomo wake tu. Hakuna mtu alimtuma kufundisha historia. Alikuwa ameajiriwa kuosha mtoto na kumlaza, na akiwa hapo akampa nchi yake. Filamu ikimbakisha msomi na kumtoa yaya inatuambia maarifa hutoka kwa mzee mwenye ndevu na kitabu. Lewis mwenyewe hakuamini hivyo. Alizaliwa Belfast 1898, na utotoni alikuwa na yaya anaitwa Lizzie Endicott, aliyemsimulia hekaya za Kiayalandi. Alimsifu kwa tawasifu yake akiwa mtu mzima. Kwa hivyo yule bibi kitandani hakuokotwa tu. Mwandishi alijua deni lake liko wapi.

Mtaniambia pia filamu lazima ifupishwe. Nakubali. Lakini yaya anahitaji scene mbili: moja ya kufukuzwa, moja ya kurudi. Dakika tano kwa jumla. Toa tu zile za Susan na Caspian kutupiana macho, umezipata.

Sasa kwa nini mimi, kijana wa Kenya, nashikwa na hasira kuhusu bibi wa kubuniwa na Mzungu wa 1951?

Kwa sababu hiyo hadithi tunaijua. Wageni wanakuja, wanachukua nchi, halafu wanawaambia watoto kwamba yale mambo ya nyanya zao ni ushenzi na porojo. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kwa Decolonising the Mind, 1986, vile jioni walikuwa wanakaa karibu na moto wakisimuliwa hadithi kwa Gĩkũyũ, halafu shuleni ukipatikana ukiongea lugha hiyo hiyo unachapwa ama unavalishwa kibao shingoni cha kukuaibisha. Soma hiyo, halafu soma sura ya nne ya Prince Caspian, uniambie kama hujashtuka. Sisemi Lewis alikuwa anatuandikia sisi. Hakuwa. Lakini mtoto wa Kiafrika akisoma hapo anajua kabisa Miraz ni nani.

Na kuna jambo la karibu zaidi. Wengi wetu hapa Nairobi tumelelewa na mtu ambaye hatukumwita mama. Mathe alitoka saa kumi na moja asubuhi, akarudi usiku. Aliyekulisha, akakuogesha, akakufundisha nyimbo za kwao Kakamega ama Kitui ama Kisii, ni dada wa kazi. Siku moja ukarudi kutoka shule, ukapata ameenda. Hukuambiwa sababu. Hukumuaga. Sahii tukikua tunamwita mboch na tunacheka. Ukiulizwa hadithi ya kwanza uliyowahi kusikia, pengine ilitoka kwake, na pengine hata jina lake la pili hulijui.

Ndio maana nasema aliyemtoa yaya hakupunguza tu muda. Alitoa mtu mmoja ambaye mamilioni ya watoto duniani wangemuona na kusema, huyu namjua. Mfalme hatumjui. Pembe ya ajabu hatuna. Lakini yaya aliyefukuzwa bila kuagwa? Huyo tunaye, mtaa wote.

Cheki vile hiyo ni uchungu: filamu kuhusu watu waliofutiwa hadithi zao, imemfuta msimulizi. Miraz alimfukuza mara ya kwanza. Hollywood ikamfukuza mara ya pili. Na sisi mashabiki, badala ya kuuliza ako wapi, tukaanza kubishana kuhusu busu.

Sasa hivi Narnia iko mikononi mwa watu wengine. Netflix walichukua haki 2018, na Greta Gerwig ndiye amepewa usukani, akianza na The Magician's Nephew. Vizuri. Mimi sitaki kuwabana wafuate kitabu neno kwa neno. Wakitaka kuongeza shambulizi, waongeze. Wakitaka Susan awe na upinde mstari wa mbele, mimi nitapiga makofi. Lakini wakifika kwa Caspian, nataka kuona mtoto akisema jina la yaya bila kujua anafanya nini. Nataka kuona kitanda kitupu kesho yake. Na nataka ile nyumba ndogo iinuliwe na mabega ya simba, bibi abaki nje kwa jua, na watu kwa ukumbi walie vile wanafaa kulia.

Na nyinyi wa busu, kabla mrudi kwa hiyo vita yenu, fanyeni kitu moja tu. Tafuteni kitabu, msome sura ya 4, halafu mruke mpaka ya 14 na ya 15. Mkimaliza, pigieni simu yule auntie aliyewalea, kama bado mna namba yake. Halafu ndio mrudi hapa tubishane.